Aliyeghairi Ndiye Arudishe

Chini ya risiti nyingi za kumbi, gesti na wakodishaji wa maturubai, kuanzia Shinyanga mjini na Kahama hadi Katoro na Geita, kuna maneno mawili ambayo mteja huyasoma akiwa ameshalipa: "Advansi hairudishwi." Kwa mteja anayeghairi mwenyewe siku tatu kabla ya shughuli, maneno hayo yana mantiki. Mwenye ukumbi alifunga tarehe, akawakatalia wengine, na Jumamosi iliyopita bila shughuli haiuziki tena. Tatizo ni kwamba maneno hayohayo siku hizi yanatumiwa na upande ambao hayakuandikwa kwa ajili yake. Mwenye ukumbi anaghairi yeye, kwa sababu zake, halafu mteja akidai fedha anaonyeshwa risiti. Hoja yangu ni moja. Anayeghairi akiwa ndiye aliyepokea fedha, advansi irudi yote, irudi ndani ya siku zinazohesabika, na wa kulisimamia hilo awe halmashauri iliyompa leseni, mteja asiachiwe kazi ya kubembeleza kwenye simu.

Tukitaja kulipia nafasi mapema, wengine hufikiria watalii na mahema. Hayo nayo yapo kwetu. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kipo mkoani Geita, na anayetaka kulala hemani huko hupanga malazi na boti kabla hajafika ukingoni mwa ziwa. Lakini wanaolipia kambi Rubondo ni wachache mno ukilinganisha na kamati zinazolipia ukumbi Kahama. Harusi, sendoff, kipaimara, mahafali, semina ya chama cha ushirika, kambi ya wanakwaya kwenye shule iliyofunga: zote huanza kwa mtu kumtumia fedha mtu mwingine ambaye bado hajafanya lolote. Na fedha hiyo mara chache huwa ya mtu mmoja. Ni michango. Kamati imekaa vikao, kadi zimegawiwa, ahadi zimeandikwa kwenye daftari la mweka hazina, waliotoa wamewekewa vema, na kiasi cha kwanza kupatikana ndicho kinachokimbizwa ukumbini ili tarehe isichukuliwe na mwingine. Kwa mkulima wa pamba wa Kishapu, ambaye hushika fedha ya maana msimu wa kuuza unapofunguliwa, mchango huo umepita kwenye mizani ya AMCOS kabla ya kufika kwenye daftari hilo. Ukumbi ukighairi, kamati inatakiwa kulipia ukumbi mwingine wiki hiyohiyo, kwa bei ya dharura, huku fedha yake imekwama kwa aliyeghairi.

Tazama pia njia inayopitia fedha yenyewe. Mteja anapiga simu, anatajiwa namba, anaambiwa atume na ya kutolea. Ujumbe wa kuthibitisha unakuja na jina, na jina hilo mara nyingi halihusiani na ukumbi: ni la mhudumu wa mapokezi, la shemeji wa mwenye jengo, au la kijana anayeshika funguo. Risiti, kama ipo, imeandikwa kwa kalamu kwenye kile kitabu kinachouzwa dukani, ina mhuri, haina namba ya mlipakodi. Siku ya kughairi inapigwa simu fupi: samahani, kumetokea dharura. Kuanzia hapo ni danadana. Bosi yuko Dar. Bosi amerudi ila anauguza. Njoo mwisho wa mwezi. Kisha fedha inaanza kurudi vipandevipande, elfu hamsini leo, elfu thelathini wiki ya tatu, kila kipande kimemegwa makato ya kutuma, na mdai anajikuta akishukuru kwa kurudishiwa kilicho chake. Wenye kumbi wengi si matapeli, na hapo ndipo penye la kufikiri. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kukaa na fedha hiyo miezi minne bila kuona aibu, kwa kuwa kukaa nayo hakumgharimu chochote.

Ukanda wa dhahabu unaliongezea jambo hili uzito wake. Bei ya kitanda hapa haitulii. Ikisikika rashi, watu kutoka mikoa mitano wanaingia mji mdogo ndani ya wiki moja, na gesti iliyokuwa na vyumba vitupu inawaweka wageni hadi stoo. Tangu 2018 Geita imekuwa na maonesho ya teknolojia ya madini, ambayo hujaza mji kwa siku kadhaa. Oktoba 2021 kilele cha mbio za Mwenge kilifanyika Chato. Machi ya mwaka huohuo yalikuwa yamefanyika mazishi ya Rais John Magufuli, na taifa zima lilielekea huko. Katika siku kama hizo, mwenye loji aliyepokea advansi ndogo miezi miwili nyuma anasimama mbele ya mteja mpya mwenye fedha taslimu mara mbili ya bei. Nani asiyeona kishawishi hicho? Akimghairisha yule wa kwanza, anachopoteza ni usumbufu wa simu tu. Fedha ya wa kwanza anaendelea kuizungusha, ya wa pili anaiweka mfukoni. Kurudisha kwa kuchelewa ni mkopo usio na riba ambao mkopeshaji hakukubali kuutoa. Abiria wanaotegemea uwanja wa ndege wa Mwanza walilionja hilo kwa namna nyingine Desemba 2018, pale Fastjet iliposimamisha safari na waliokwisha kulipa wakabaki wanadai nauli: anayelipa kabla ya huduma anakopesha, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo.

Sheria haina utata kama risiti zinavyotaka tuamini. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ilijengwa juu ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na imebeba hata namba za vifungu vyake vingi. Kifungu cha 65 kinasema kwa ufupi kwamba mkataba ukigeuka kuwa batili, aliyepata manufaa chini yake anapaswa kuyarudisha au kumfidia aliyempa. Sheria ya India ilikiambatanishia mfano ambao ungefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila ukumbi. Mwimbaji amekubali kuimba kwenye tamasha na amelipwa rupia 1,000 mapema. Siku inafika, anaumwa, hawezi kuimba. Sheria haimtaki amlipe mwenye tamasha faida aliyoikosa, maana ugonjwa si kosa lake. Lakini rupia 1,000 azirudishe. Zingatia jinsi mfano huo ulivyotenganisha mambo mawili ambayo kwenye mabishano yetu huchanganywa kila siku. Kutokuwa na kosa kunakuondolea fidia. Hakukupi haki ya kubaki na fedha ya kazi ambayo hukuifanya. Na kama kosa lipo, mathalani tarehe imeuzwa kwa mwingine, kifungu cha 73 kinaongeza juu ya advansi fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa kwa ahadi, ikiwamo ile tofauti ya bei ya ukumbi wa dharura.

Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Katika sheria yao ya madai ya 1804, aliyetoa arubuni, yaani advansi, akighairi ameipoteza, na aliyeipokea akighairi anairudisha maradufu. Upande huu unapoteza kiasi kilekile ambacho upande ule ungepoteza. Katika fiqhi ya Kiislamu suala la arubuni lina mjadala wake mrefu: wengi wa wanazuoni hawakuruhusu muuzaji ajibakizie arubuni ya mnunuzi aliyeghairi, na madhehebu ya Hanbali yakaruhusu. Ubishi wao ulihusu mnunuzi anapoghairi. Kwamba muuzaji anayejitoa aondoke na arubuni mkononi, hilo halikuwa na wa kulitetea. Sisi ndio tumelifanya kuwa desturi, tena kwa maneno mawili ya mhuri.

Pingamizi la kwanza utakalolisikia ni la hali zisizozuilika, na linastahili kusikilizwa. Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kusitishwa kwa mikusanyiko ya hadhara, ikiwamo matamasha na michezo, kwa siku 30. Mwenye ukumbi hakuleta ugonjwa. Kwa nini abebe hasara? Jibu ni la yule mwimbaji: habebi hasara ya mteja, ila naye asimbebeshe mteja hasara yake. Nchi nyingine zilikutana na swali hilohilo kwa ukubwa zaidi. Nchini Uingereza, mamlaka inayosimamia ushindani na masoko iliibana kampuni ya Vacation Rentals, yenye majina kama Hoseasons, na Juni 2020 kampuni hiyo ikakubali kuwapa fursa ya kurudishiwa fedha yote wateja ambao nyumba zao za mapumziko hazikuweza kutumika kwa sababu ya amri ya kukaa ndani. Ufaransa ilichagua kuwahurumia wenye biashara: Machi 2020 iliruhusu mawakala wa safari na malazi watoe vocha ya miezi 18 badala ya fedha taslimu. Lakini hata huruma hiyo ilikuwa na ukingo, kwani vocha isipotumika, fedha ilipaswa kurudi. Kwetu, mteja anayeambiwa "tutakuhamishia tarehe" haambiwi lini, na harusi si kitu cha kusogeza miezi sita wakati wakwe wameshatoka Bariadi.

Kuhamisha tarehe ni jambo jema pale mteja anapolitaka. Baya ni kulifanya liwe njia pekee, halafu kumwita msumbufu anayelikataa.

La pili ni la mzunguko wa fedha, na ndilo wenye kumbi hulisema kwa uchungu wa kweli. Advansi ya harusi ya Agosti imenunua mafuta ya jenereta ya Juni, imelipa rangi ya ukutani na mshahara wa mlinzi. Haipo. Kahama wanajua zaidi ya wengine jinsi mapato ya malazi yanavyoweza kukauka. Mgodi wa Buzwagi ulipofikia ukomo wa uzalishaji mwaka 2021, wakandarasi na wageni wao wakapungua, na vyumba vilivyojengwa kwa ajili yao vikabaki. Nauelewa ugumu huo, ila sioni jinsi unavyombadilisha mwenye mali. Anayeendesha biashara kwa fedha ya huduma ambayo hajaitoa anakopa kwa wateja, na mkopaji anayevunja masharti hulipa. Akiwa anajua kwamba siku saba baada ya kughairi atatakiwa kurudisha kila shilingi, atafanya mojawapo ya mambo mawili: ataweka sehemu ya advansi pembeni, au atafikiri mara mbili kabla ya kuiuza upya tarehe ya watu. Yote mawili ni faida. Wapo pia watakaopunguza kiwango cha advansi wanachodai, na hiyo nayo si habari mbaya kwa mweka hazina yeyote.

La tatu linasema wateja nao ni wajanja: wanafunga kumbi tatu, wanaghairi mbili, wanadai fedha. Kweli wapo. Lakini mteja huyo hanufaiki kwa lolote na kanuni ninayoitetea, kwa sababu ameghairi yeye. Apoteze advansi yake. Penye ugumu wa kweli ni pale pande zote mbili zinapodai kuwa mwenzake ndiye aliyejitoa, na hapo hakuna maajabu zaidi ya ujumbe wa maandishi. Anayeghairi kwa simu ya sauti anaacha mwanya. Anayetaka kulinda fedha yake na aombe ujumbe mfupi wenye tarehe, kabla hajaanza kugombana.

Kwa nini basi nisiseme tu waende mahakamani? Mahakama ya Mwanzo ipo, inaendeshwa kwa Kiswahili, na madai ya mkataba ya kiasi hiki ina uwezo wa kuyasikiliza. Anayedai milioni tatu aende, na hana sababu ya kuogopa. Anayedai laki mbili atapiga hesabu ya nauli ya kutoka Nyang'hwale, siku za kazi zitakazopotea kila shauri linapoahirishwa, na kazi ya kukaza hukumu baada ya kushinda, kisha atasamehe. Polisi wakipelekewa, watauliza kama kulikuwa na udanganyifu tangu mwanzo; kama ukumbi ulikuwepo na ulighairi baadaye, watamwambia hayo ni madai, si jinai, na mara nyingi watakuwa sahihi. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina jukumu la kumlinda mlaji, ila chombo cha taifa zima hakiwezi kufuatilia advansi ya sendoff moja ya Masumbwe. Kinachobaki ni shinikizo la kijamii, na ukanda huu una historia nalo. Sungusungu ilizaliwa kati ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, huku Kahama ikiwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kabisa, kwa sababu vyombo vya dola vilikuwa vimeshindwa kuzuia wizi wa ng'ombe. Iliwasaidia wengi na iliwaumiza wengine, kwa kuwa shinikizo halipimi sawa. Ndivyo ilivyo kwa advansi. Mteja mwenye ndugu ofisi ya mkuu wa wilaya, au mwenyekiti wa mtaa anayeheshimika, anarudishiwa Jumatatu. Mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia juzi anasubiri mwisho wa mwezi usiofika.

Halmashauri ndiyo yenye mkono unaofika. Ndiyo inayotoa leseni za biashara hizi na kuzihuisha. Ndiyo inayokusanya ushuru wa nyumba za kulala wageni, na kwa kazi hiyo maofisa wake hupita gesti kwa gesti wakifungua daftari la wageni, wakihesabu nani alilala chumba gani. Ofisa anayeweza kujua kuwa chumba namba nne kilikuwa na mgeni Jumanne iliyopita hashindwi kuuliza ni advansi ngapi zimepokelewa na ngapi zinadaiwa. Sharti lenyewe ni fupi na linaweza kuchapwa palepale penye yale maneno mawili: mteja akighairi, masharti ya advansi yatafuata makubaliano; mwenye huduma akighairi, kwa sababu yoyote ile, fedha yote inarudi ndani ya siku saba kwa namba ileile iliyolipia, makato juu ya aliyeghairi. Na ikithibitika tarehe iliuzwa kwa mwingine, irudi maradufu. Mwenye deni la advansi lililopita muda huo asihuishiwe leseni mpaka alipe. Sheria ndogo itachukua muda, maana lazima ipite baraza la madiwani na kuidhinishwa ngazi ya juu, lakini hakuna kinachomzuia ofisa biashara kuanza kuuliza swali kesho.

Wapo watakaosema kanuni zitawarudisha watu vichochoroni, kwamba biashara ya ukanda huu ni ya kuaminiana na haipendi karatasi. Hayo yalisemwa pia kuhusu dhahabu. Kisha Machi 2019 soko la madini likafunguliwa Geita, yakafuata mengine, na wachimbaji wadogo waliozoea kuuza kwa bei ya kukisia wakaanza kwenda penye mizani, bei inayojulikana na karatasi. Utoroshaji haukuisha. Lakini mchimbaji wa Nyarugusu leo anajua pa kwenda, na anajua anachopaswa kupewa akitoka. Kama karatasi imewezekana kwenye gramu za dhahabu, ambako vishawishi ni vikubwa mara mia, itawezekana kwenye viti mia tatu na jukwaa.

Lipo jambo moja ambalo madiwani watalazimika kuanza nalo, nalo litawauma. Halmashauri nazo hukodisha kumbi, na anayeghairi shughuli za wananchi bila kupepesa macho mara nyingi huwa ni serikali yenyewe: kimetokea kikao cha mkoa, amekuja waziri, ukumbi umechukuliwa. Mteja aliyelipa kwa namba ya malipo ya serikali anakuta mlango wa kuingizia fedha umefunguka kwa dakika mbili, na wa kuitoa unataka barua, idhini ya mkurugenzi, hati ya malipo, na bajeti yenye kifungu hicho. Mwenye gesti wa Katoro akiambiwa arudishe ndani ya siku saba, swali lake la kwanza kwa ofisa biashara litakuwa ni siku ngapi halmashauri ilichukua mara ya mwisho ilipoghairi harusi ya mtu. Ofisa awe na tarakimu mkononi. Kwa hiyo kabla sharti halijaandikwa kwenye leseni ya yeyote, mkurugenzi atenge akaunti ya amana kwa ajili ya advansi za kumbi za umma, fedha isiyoguswa mpaka shughuli ifanyike, na mweka hazina wa halmashauri apewe mamlaka ya kuirudisha bila kusubiri kikao.